Wimbi Lisilopiga Hodi

Jioni ya tarehe 18 Novemba 1929, tetemeko la ukubwa wa 7.2 lilitikisa sakafu ya Bahari ya Atlantiki, kusini mwa kisiwa cha Newfoundland. Nyaya za telegrafu zilizokuwa karibu na kitovu zilikatika papo hapo. Zile zilizolazwa chini zaidi kwenye mteremko ziliendelea kufanya kazi, kisha nazo zikaanza kukatika, wa karibu kwanza na wa mbali mwisho, kwa muda wa saa zipatazo 13. Kwa jumla zilikatika nyaya 12.

Fumbo hilo lilikaa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1952 wanasayansi wa Marekani, Bruce Heezen na Maurice Ewing, walilinganisha wakati ambao kila waya ulikatika na umbali wake kutoka kwenye kitovu. Jibu likajitokeza: mteremko wa chini ya bahari uliporomoka, ukageuka mkondo mzito wa tope na mchanga uliokimbia kuelekea kilindini, mwanzoni kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Maporomoko hayohayo yalisukuma maji juu. Yapata saa mbili na nusu baada ya tetemeko, mawimbi ya tsunami yalivamia vijiji vya wavuvi kwenye rasi ya Burin na kuua watu 28.

Ardhi huporomokaje ndani ya maji? Mito humwaga mashapo baharini mwaka nenda mwaka rudi, na mashapo hayo hujipanga tabaka juu ya tabaka kwenye kingo za bara. Yakilundikana upesi kuliko maji yanavyoweza kupenya na kutoka, maji hubanwa kati ya chembe za tope, na shinikizo lake huzifanya chembe zisishikane. Hapo hata mteremko wa nyuzi moja au mbili, ambao nchi kavu mtu angeupanda kwa baiskeli bila kuhema, huweza kuachia. Kinachobaki ni msukumo tu: tetemeko, dhoruba, au mzigo mpya. Mnamo Oktoba 1979 kule Nice, Ufaransa, kifusi cha bandari iliyokuwa ikijengwa kando ya uwanja wa ndege kiliporomokea baharini, kikaua watu na kuzusha wimbi lililofika hadi Antibes.

Maporomoko mengine huwa makubwa mno. Yale ya Storegga, nje ya Norwei, yalitokea yapata miaka 8,150 iliyopita na kuhamisha takriban kilomita za ujazo 3,000 za mashapo. Wimbi lake lilipanda zaidi ya mita 20 kwenye visiwa vya Shetland.

Lakini ukubwa si kitu pekee cha kuogopwa. Mifumo mingi ya tahadhari ya tsunami huanza kwa kupima tetemeko: likiwa kubwa, king'ora hulia. Tarehe 17 Julai 1998, pwani ya kaskazini ya Papua New Guinea ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7 hivi, ambalo peke yake lisingetarajiwa kuleta maafa makubwa. Dakika zipatazo 20 baadaye, mawimbi ya hadi mita 15 yalifagia vijiji vya Sissano, Warapu na Arop, na zaidi ya watu 2,000 wakafa. Meli za utafiti zilipopima sakafu ya bahari miezi iliyofuata, zilikuta kovu la mporomoko mbele ya pwani ileile.

Indonesia ilipata pigo kama hilo tarehe 22 Desemba 2018. Ubavu wa volkano ya Anak Krakatau ulimeguka na kuzama. Hapakuwa na tetemeko kubwa la kuamsha mfumo wa tahadhari, na zaidi ya watu 400 walipoteza maisha kwenye pwani za Java na Sumatra. Kwa aliye ufukweni, bahari kurudi nyuma ghafla au ngurumo kutoka baharini yatosha kuwa sababu ya kukimbilia mlimani. Asingoje king'ora.

Afrika nayo imo. Mto Kongo humwaga mashapo yake moja kwa moja kwenye korongo refu la chini ya bahari linaloanzia ndani ya mlango wa mto. Mwishoni mwa 2019 mto ulifurika kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1960. Wiki chache baadaye, Januari 2020, wakati wa maji ya bamvua, tope lililolundikana liliachia. Mkondo wake ulisafiri zaidi ya kilomita 1,100, ukakata mikongo ya mawasiliano ya SAT-3 na WACS, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika. Vipimo vilivyokuwa vimetegwa korongoni viling'olewa, lakini vilionyesha kwamba mkondo uliongeza kasi kadiri ulivyokwenda, kutoka mita 5 hivi hadi mita 8 kwa sekunde.

Kwa hiyo kusogeza mkongo mbali na pwani hakutoshi kuulinda. Baadhi ya sehemu za korongo zilichimbwa sana na nyingine zikaguswa kidogo, na tofauti hiyo ndiyo wahandisi wanayopaswa kuijua kabla ya kuchagua mahali pa kuvuka. Agosti 2023 mikongo hiyohiyo miwili ilikatika tena, ikabidi meli ya matengenezo iitwayo Léon Thévenin itumwe kuifufua.