Lugalo iko wapi? Historia na jiografia zinazopitwa na basi

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu sababu za Waafrika kushindwa na wakoloni, atakutajia tano bila kuvuta pumzi: silaha duni, kukosa umoja, na kadhalika. Muulize Lugalo iko wapi. Hapo wengi huduwaa, hata wale ambao kila likizo hupanda basi kati ya Iringa na Dar es Salaam na kupita kando ya mnara wake.

Shuleni, jiografia na historia zina madaftari mawili, walimu wawili na vipindi viwili. Katika Nyanda za Juu Kusini mgawanyo huo unamnyima mwanafunzi nusu ya jibu.

Chukua Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, upande wa barabara ya Mbeya. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa safarini aliokota zana za mawe pale. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakachimba, wakiongozwa na Mmarekani F. Clark Howell. Umri wa zana hizo unakadiriwa kufikia miaka 260,000. Zilionekanaje? Maji ya mvua yalikata korongo kwenye mashapo ya kale, yakaacha nguzo ndefu za udongo ambazo wageni hupenda kuzipiga picha, na yakafukua mashoka yaliyokuwa chini. Mmomonyoko ni topiki ya jiografia na Zama za Mawe ni topiki ya historia. Bila ya kwanza, Isimila isingekuwamo katika ya pili.

Sasa turudi kwenye zile sababu tano. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski kilikuwa kikipita Lugalo kwa msururu mrefu, kwenye njia nyembamba yenye vichaka na mawe. Wahehe wakakivamia kutoka karibu. Bunduki hutamba kwa mbali. Adui anapokuwa hatua chache tu, mkuki haukawii. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Silaha duni zilishinda siku ile kwa sababu uwanja ulichaguliwa vizuri. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Wajerumani waliiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Safari hii Wahehe walikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta haukimbii mzinga. Mahali palikuwa pamebadilika. Mkwawa alilielewa somo hilo upesi kuliko watunga mitihani, akarudi porini na kupigana vita vya kuvizia hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898.

Na hiyo "kukosa umoja"? Merere, mtawala wa Wasangu, aliungana na Wajerumani. Mwanafunzi akiishia hapo atamwita msaliti na kufunga daftari. Lakini Wahehe walikuwa wamewafukuza Wasangu kutoka Usangu, tambarare ya malisho na njia za biashara ya pembe za ndovu. Ukiitazama ramani ya Usangu, uamuzi wa Merere unaeleweka, hata kama huukubali.

Mlambalasi, alikozikwa Mkwawa bila kichwa, kuna pango la mwamba ambamo watafiti wamechimbua mifupa ya watu wa Zama za Mawe. Kichwa chake kilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu lilirejeshwa tarehe 19 Juni 1954 na Gavana Edward Twining. Leo limo katika makumbusho ya Kalenga. Vita, akiolojia na mikataba ya kimataifa, vyote ndani ya mkoa mmoja.

Mbeya nayo imekaa panapokutana matawi ya Bonde la Ufa. Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, ni volkano. Jirani yake Kyejo ulimwaga lava mnamo mwaka 1800. Udongo wa volkano na mvua nyingi ndio chanzo cha ndizi, chai na viazi vya Tukuyu, na huko ndiko Wamoraviani walikojenga misheni mwaka 1891, mwaka uleule wa Lugalo. Ng'ambo ya milima, Usangu hupata mvua haba, na mpunga wake hutegemea mito inayoteremka kutoka juu. Maji yanayosalia huingia Ruaha Mkuu kuelekea Mtera na Kidatu, kunakozalishwa umeme. Chunya kuna dhahabu ya Lupa, ambayo miaka ya 1920 na 1930 iliukuza mji wa Mbeya. Kimondo cha Mbozi sasa kimo Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa 2016, ingawa vitabu vya zamani bado vinakiweka Mbeya.

Sipingi kukariri; mtihani una mambo yake. Ila mwalimu wa historia na wa jiografia wakae pamoja kabla muhula haujaanza, wachague sehemu moja na kuifundisha kwa pamoja. Wasisubiri bajeti ya basi la shule. Anayetoka Iringa apande basi lolote la barabara ya Mbeya, amwombe kondakta amshushe njia panda ya Isimila, kisha atembee hadi korongoni akiwa na madaftari yote mawili.