Kuku Mmoja Akiugua

Katika nyumba nyingi kuku ni mali ya mama. Ng'ombe huhesabiwa kuwa wa baba na shamba la ukoo, lakini kuku wa uani mama huwajua mmoja mmoja. Kwao hutoka yai la mtoto, daftari la shule na nauli ya kwenda zahanati. Basi mtetea anapojikunyata pembeni asubuhi, manyoya yamemsimama na mtama hautazami, si jambo dogo.

Mara nyingi shauri linalotolewa ni kisu au soko: achinjwe kabla hajafa, au auzwe leo leo. Akina mama wenzetu, tusiharakishe. Kuna mambo ya kufanya kwanza.

Tumtenge

Tumweke peke yake penye kivuli na joto la kutosha, tumpe maji safi na chakula laini. Chombo chake kisitumiwe na wengine. Tuwahudumie kwanza kuku wazima, kisha mgonjwa, halafu tunawe mikono kwa sabuni. Watoto wasimchezee.

Tumchunguze

Kama ni yeye tu anayeumwa, anachuchumaa na kukakamuka, huenda yai limemkwama. Tumkalishe katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, kisha apumzike mahali patulivu. Yai lisivunjwe likiwa ndani.

Vifaranga wakiharisha damu, tushuku koksidiosisi, ugonjwa unaopenda banda lenye unyevu. Una dawa yake, ila isicheleweshwe. Vipele kichwani pasipo na manyoya mara nyingi ni ndui ya kuku, ambayo huenezwa na mbu.

Lakini wakiongezeka wagonjwa siku baada ya siku, wakiharisha kijani, wakihema kwa shida, shingo zikipinda na miguu kupooza, hapo tuhofu kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Huweza kumaliza karibu kuku wote wasiochanjwa.

Dawa na chanjo

Kideri huletwa na virusi, wala hakina tiba. Pilipili, shubiri na mwarobaini havikiponyi. Vidonge vya binadamu pia havifai: haviui virusi, na mabaki ya dawa huweza kubaki katika mayai wanayokula watoto wetu. Hata dawa halali ya kuku ina siku za kungoja kabla ya kula mayai au nyama. Tusome maandishi ya pakiti.

Kinga ni chanjo. Ipo iitwayo I-2, inayotengenezwa pia nchini Tanzania, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Kila kuku hutiwa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo akina mama wa mtaa mmoja au wa jumuiya moja ya kanisa wanaweza kuchanga na kuchanja siku moja. Chanjo hupewa kuku wazima, kabla ugonjwa haujaingia. Haimponyi aliyekwisha kuugua.

Tumkumbuke jirani

Kuku mgonjwa anayeuzwa sokoni hubeba ugonjwa mpaka uani kwa mama mwingine, labda mjane ambaye kuku wake watano ndio akiba yake yote. Manyoya na matumbo yakitupwa njiani hufanya vivyo hivyo. Hapa ufugaji huwa jambo la dhamiri. Tusilotaka tutendewe, tusimtendee mwenzetu kwa ajili ya bei ya kuku mmoja.

Waliokufa wachomwe au wafukiwe shimo refu, wasitupiwe mbwa. Kuku wakifa wengi kwa ghafla, tusiwapasue wala kuwala, maana yako mafua ya ndege yanayoweza kumdhuru hata binadamu. Tumwite afisa mifugo mapema, tumweleze ni wangapi wameugua na tangu lini.

Bwana Yesu alipotaka kuueleza upendo wake kwa Yerusalemu, alimtaja kuku anayekusanya vifaranga chini ya mbawa zake. Kiumbe aliyetumika kwa mfano mkubwa hivyo hastahili kusahauliwa uani. Jioni hii, wanapoingia kulala, tuwahesabu na tuwatazame. Kisha tuulizane na jirani: chanjo ya mwisho ilikuwa lini?