Mbio, Mlo na Matembezi: Likizo ya Wawili Dar es Salaam

Zamani mtu wa Dodoma akisema anakwenda Dar es Salaam, ilieleweka kuwa ana shughuli: harusi, msiba, matibabu au kufuata bidhaa za duka. Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu treni ya umeme ianze kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari imekuwa ya saa chache tu, na wapo mume na mke wanaoshuka pwani kwa mapumziko. Jambo hili ni jema. Wazazi waliolea watoto kwa miaka mingi wanahitaji nao siku chache za kuwa pamoja, kutembea, kula vizuri na kuona vitu vipya. Tena wengi wetu tumeshauriwa na wauguzi tufanye mazoezi, kwa hiyo viatu vya kukimbilia navyo huingia kwenye mkoba.

Lakini tusisahau jambo moja. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Treni huteremka hadi pwani kwa saa chache, ila mwili wa mtu hauzoei pwani kwa saa chache. Mwezi huu tutaeleza namna ya kukimbia, kula na kutembea katika mji ule mkubwa bila kuumia, na kwa nini wanaokwenda wawili yawapasa kuangaliana.

Kisa cha Baba Neema na Mama Neema

Tuwaite hivyo, ingawa si majina yao. Baba Neema ana umri wa miaka 54. Aliambiwa kliniki kuwa shinikizo lake la damu limeanza kupanda, akaanza kukimbia kila asubuhi. Mama Neema alianza kwa kumsindikiza kwa miguu, kisha naye akakimbia. Walipotimiza miaka 25 ya ndoa, watoto wao waliwachangia nauli, nao wakaenda Dar es Salaam mwezi wa Desemba.

Walifika jioni. Usiku ule walikula chipsi na mishikaki, wakanywa soda mbili mbili, wakalala wamechelewa. Kesho yake walianza kukimbia saa tatu asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, bila chupa ya maji. Walivuka Daraja la Tanzanite kuelekea ufukwe wa Coco. Baba Neema alikwenda kwa mwendo uleule wa nyumbani. Baada ya kilomita tatu hivi misuli ya miguu ilianza kumkaza na kichwa kumuuma. Mkewe akamwambia, "Baba Neema, tupumzike." Akajibu, "Nyumbani nakimbia tano, hapa nitashindwaje?"

Baadaye kidogo alianza kuyumba. Mama Neema akamuuliza, "Mtoto wetu wa mwisho anasoma wapi?" Akataja shule ya msingi ambayo mtoto aliimaliza miaka minne iliyopita. Hapo mama yule hakubishana naye tena. Alimkalisha kivulini, akamvua viatu na fulana, na wauza mihogo wa pale ufukweni wakaleta maji ya kummwagia huku wengine wakimpepea kwa vipande vya maboksi. Kisha wakamwahisha hospitali. Baba Neema alipona. Daktari alimweleza kuwa joto lilimzidi, na kwamba kama angekuwa peke yake huenda angeendelea kukimbia mpaka aanguke.

Kwa nini pwani si kama Dodoma

Mtu anapokimbia, misuli yake hutoa joto jingi. Mwili hujipoza kwa jasho. Lakini si kutoka kwa jasho kunakopoza, bali ni kukauka kwake. Kila tone likikauka juu ya ngozi huondoka na joto.

Sasa fikirini habari ya nguo zilizofuliwa. Dodoma, kwa upepo wetu mkavu, nguo ukizianika asubuhi huzikuta kavu baada ya muda mfupi. Pwani hewa imejaa unyevu wa bahari, na nguo hukawia kwenye kamba. Nguo ikikawia kukauka kwenye kamba, jasho nalo hukawia kukauka mwilini. Linachuruzika tu mpaka chini, mwili unapoteza maji na chumvi, na joto linabaki ndani. Ndiyo maana mwendo ambao Dodoma ni mwepesi, Dar es Salaam waweza kuwa hatari, hasa kati ya Desemba na Machi ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30 za sentigredi. Miezi ya Juni hadi Agosti ni nafuu zaidi.

Mwili una uwezo wa kuzoea. Katika siku 7 hadi 14 za mazoezi ya taratibu penye joto, damu huongezeka majimaji na jasho huanza kutoka mapema. Lakini likizo ya wengi wetu ni siku tano au sita, huisha kabla ya mwili kuzoea. Kwa hiyo ni sisi tunaopaswa kupunguza mwendo.

Hata mabingwa hutii kanuni hii. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, jirani zetu wa uwanda huu wa kati, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025. Siku ile kulikuwa na joto na unyevu. Simbu hakukimbilia kuongoza tangu mwanzo. Alikaa na kundi, akatunza nguvu zake, akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sehemu 3 tu za mia za sekunde. Ikiwa bingwa wa dunia hujizuia penye joto, mimi na wewe tuna sababu gani ya kushindana na daraja?

Namna ya kukimbia

Siku ya kwanza msikimbie. Tembeeni jioni, mlale mapema. Siku ya pili anzeni alfajiri, mara kunapopambazuka, mahali penye watu. Kimbieni nusu tu ya umbali mliozoea, na changanyeni mbio na kutembea. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: mkiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sawa. Mkishindwa kuongea, punguzeni. Tena aliye mwepesi afuate mwendo wa aliye mzito, maana hii ni likizo ya wawili.

Kunyweni maji kabla ya kutoka, na bebeni chupa. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu ni dalili njema. Ukiwa wa rangi nzito, mwili unadai maji. Lakini msinywe maji kupita kiasi kwa mara moja, kwani maji mengi mno bila chumvi ya chakula nayo hudhuru. Bia si maji: hukojoza, na mtu huamka na kiu zaidi.

Dalili za hatari

Mwanzo wa kuzidiwa na joto ni misuli kukaza, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida. Hapo acheni mbio, kaeni kivulini na mnywe maji kidogo kidogo.

Hatua mbaya zaidi ni pale mtu anapochanganyikiwa: anajibu ovyo, anayumba, anakuwa mkali bila sababu au anazimia. Joto la mwili wake huenda limepita nyuzi 40, na ubongo unaumia. Jasho huweza kuwa bado linatoka, kwa hiyo msidanganyike. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kukoma, wekeni barafu kwapani na kwenye mapaja ya ndani kama ipo, na tafuteni gari la hospitali huku mkiendelea kumpoza. Aliyechanganyikiwa au kuzimia asinyweshwe kitu, asije akapaliwa.

Hapa ndipo faida ya kuwa wawili inapoonekana. Mgonjwa wa joto hajui kwamba amechanganyikiwa, anajiona mzima. Atakayetambua ni mwenzake. Kwa hiyo kubalianeni kabla hamjatoka chumbani: mmoja akisema "tusimame," mwingine anasimama bila ubishi. Na mkiwa na shaka, ulizeni swali jepesi la nyumbani, kama alivyofanya Mama Neema.

Maumivu ya kifua, au kukosa pumzi hata baada ya kupumzika, ni jambo jingine la kuwahi hospitali.

Mlo wa mjini

Watu husema, "Nimekimbia, basi nile ninavyotaka." Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia kalori 350 hivi. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, yaani vijiko vya chai 8 au 9, na hubeba kalori 140 hivi. Soda mbili na nusu zimekwisha kufuta mbio zote za asubuhi, bado hatujagusa sahani ya chipsi mayai.

Hatusemi msile vya mjini. Kula vya ugenini ni sehemu ya safari. Mihogo ya ufukwe wa Coco ni mitamu, nunueni kipande mgawane. Samaki wa pwani ni chakula bora, hasa aliyechomwa au kupikwa kwa nazi kidogo, mkamla pamoja na mchicha au matembele. Dafu hurudisha maji na madini kidogo mwilini kuliko soda, ila mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza daktari wake. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa vyakula vyote, na mkumbuke kwamba chumvi nyingi imo katika vyakula vya barabarani. Kuleni kilichopikwa sasa hivi, kingali cha moto. Baada ya mlo mkubwa subirini saa mbili hadi tatu kabla ya kukimbia.

Matembezi nayo ni mazoezi

Kosa jingine la Baba Neema na mkewe lilikuwa kupanga kuona kila kitu siku moja. Kutembea mjini kwa saa nne juani kunachosha mwili kama mbio. Siku mliyokimbia, pangeni mahali pamoja pa kuona, penye kivuli, na mchana mpumzike.

Makumbusho ya Taifa yanafaa kwa saa za joto. Humo mtasoma habari za fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali; pazureni asubuhi. Jumapili, baada ya Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, mnaweza kutembea polepole kando ya bandari mkiangalia vivuko vinavyokwenda Kigamboni.

Kabla ya safari na baada yake

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo apitie kliniki kabla ya kuondoka. Vidonge vingine vya shinikizo huongeza mkojo, na penye joto humkausha mtu upesi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe peremende au sukari anapokimbia, kwani mazoezi hushusha sukari. Asiache dawa wala asijipunguzie mwenyewe. Daktari ndiye atakayemwelekeza.

Laleni ndani ya chandarua. Mkirudi nyumbani, na mmoja akapata homa katika wiki chache zinazofuata, msiseme ni uchovu wa safari. Nendeni mkapime malaria siku hiyohiyo, na mwambieni mganga kwamba mlikuwa pwani.

Baba Neema na Mama Neema walirudi Dar es Salaam mwezi wa Julai uliofuata. Safari hii walitoka alfajiri na chupa mbili za maji. Walipofika katikati ya Daraja la Tanzanite, Mama Neema alisema, "Tusimame kidogo." Baba Neema akasimama. Wakaegemea ukingo wakatazama jua likichomoza baharini, kisha wakaenda kwa miguu kununua mihogo, kipande kimoja kwa wawili.