Nguvu ya Jiwe si Nguvu ya Mwamba

Katika nyanda za juu za Mbulu na Karatu, Wairaqw wa zamani walichimba ubavu wa kilima na kujenga humo makao yaliyozama ardhini, yenye paa la miti lililofunikwa udongo, ili kujificha na wavamizi. Kazi hiyo ilihitaji ujuzi wa kuchagua ubavu usioporomoka. Swali lao ndilo linalomkabili hata leo mchimba handaki na mchimba madini: je, ardhi hii itajishikilia ikitobolewa?

Kata ya Buger, wilayani Karatu, ni mahali pafaapo kujifunzia swali hilo. Kata hiyo iko kwenye nyanda zilizo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, karibu na Msitu wa Marang na Ziwa Manyara. Upande wa kaskazini wa ukingo huo hutawala miamba ya volkeno, yaani zaha na majivu yaliyoganda. Upande wa kusini hutokeza miamba geu ya kale sana, hasa naisi. Aidha, nguvu zilizolifanya Bonde la Ufa zimeipasua miamba hiyo mara nyingi. Hivyo, mtu akikadiria kuchimba handaki katika ardhi ya namna hii, hawezi kuihukumu kwa jiwe moja aliloliokota juu ya ardhi.

Kipande kizuri cha naisi kikibanwa katika mashine ya maabara huweza kustahimili kanieneo ya megapaskali 100 au zaidi. Maana yake ni kwamba kila sentimeta moja ya mraba hubeba uzito wa tani moja hivi. Lakini mlima si kipande kimoja. Mfano wake ni ukuta wa matofali yaliyopangwa bila udongo wa kuyaunganisha: kila tofali ni gumu, lakini ukuta husukumwa kwa mkono ukaanguka. Vivyo hivyo, dari la handaki mara nyingi huporomoka kwa kufuata nyufa, wala si kwa kuvunjika kwa jiwe lenyewe.

Kwa sababu hiyo wataalamu hupima nyufa. Katika miaka ya 1960, Don Deere wa Marekani alitoa kipimo chepesi. Mwamba hutobolewa kwa kekee yenye uwazi katikati, na sampuli yenye umbo la mche duara hutolewa. Vipande vyenye urefu wa sentimeta 10 au zaidi hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa urefu wote uliotobolewa. Ikiwa zimetobolewa sentimeta 150, na vipande hivyo vina jumla ya sentimeta 90, ubora wa mwamba ni asilimia 60.

Mwaka 1973, Z. T. Bieniawski, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, aliunganisha vipimo kadhaa. Katika utaratibu wake uliorekebishwa mwaka 1989, nguvu ya jiwe hupewa alama zisizozidi 15, ubora wa sampuli 20, nafasi kati ya nyufa 20, hali ya nyuso za nyufa 30, na maji 15. Jumla ni 100. Alama hupunguzwa iwapo nyufa zimeelekea vibaya. Mwamba wenye alama zaidi ya 80 ni mzuri sana. Wenye alama 20 au chini yake ni dhaifu sana. Mwanafunzi na azingatie kwamba nguvu ya jiwe lenyewe ina alama 15 tu.

Ugumu huzidi pale miamba migumu na milaini inapopishana kwa matabaka. Evert Hoek na Paul Marinos walishughulikia miamba ya aina hiyo huko Ugiriki, na mwaka 2001 walieleza namna ya kuikadiria: mpimaji hutazama mpangilio wa matabaka na hali ya nyuso za nyufa, kisha hukadiria nguvu ya mchanganyiko wote. Tabaka gumu peke yake lingempa matumaini ya uongo.

Tanzania ina mifano mikubwa ya kazi hiyo. Vituo vya umeme vya Kidatu, kilichoanza mwaka 1975, na Kihansi, kilichoanza mwaka 2000, vimejengwa ndani ya mwamba, chini ya ardhi. Kwa upande mwingine, Oktoba 2015 machimbo ya dhahabu ya Nyangarata, wilayani Kahama, yaliporomoka. Wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41, ilhali mwenzao mmoja alifariki humo shimoni.

Mwalimu aweza kuanza somo hili bila mashine. Mahali salama, penye mwamba ulio wazi na usio na mawe yanayoning'inia juu, wanafunzi watandaze futi kamba ya mita moja na kuhesabu nyufa zinazoikata. Wachunguze kama nyuso zake zimekwaruza au zimeteleza, zimekauka au zinatoa maji. Wakifanya hivyo mahali pawili, watatambua jinsi mwamba wa jina moja unavyoweza kuwa na nguvu mbili tofauti.