Dola Ziko Kwenye Simu, Ila Hazitoki

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, imezoea pesa zisizoshikika. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutuma Bamba Chakula, vocha ya chakula, kwenye simu za wakimbizi, nao wakanunua unga na maharagwe kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Hakuna mnunuzi aliyetakiwa kujua mtambo ulio nyuma ya salio hilo unaendeshwa na nini.

Sarafu za kidijitali hukulazimisha kujua. Chukulia binamu aliye Minneapolis amemtumia jamaa yake Kakuma dola 50 za USDT, tokeni yenye thamani ya dola, kupitia mtandao wa Ethereum. Zinaonekana, 50 kamili. Akitaka kumpelekea mtu wa Lodwar ambaye atampa shilingi, zinagoma. M-Pesa hukata ada kwenye shilingi zile zile. Ethereum hutaka ada ya ether, sarafu yake yenyewe, na jamaa yetu hana hata chembe. Pikipiki imepakiwa magunia, tangi ni kavu.

Ether ina kazi yake, tusiionee. Tangu Septemba 2022, anayetaka kuthibitisha miamala ya Ethereum na kulipwa huweka dhamana ya angalau ether 32. Akidanganya, hunyang'anywa sehemu. Ada huwazuia wakorofi kuujaza mtandao takataka, na tangu Agosti 2021 sehemu ya kila ada huteketezwa. Mtandao usio na mwenyewe lazima uwalipe walinzi wake kwa kitu fulani. Ninachokataa ni mkimbizi kutwikwa kazi ya kukisaka kitu hicho, tena kwa bei inayopanda na kushuka kila saa.

Na si lazima iwe hivyo. Mwaka 2017, katika kambi ya Azraq nchini Jordan, shirika hilo hilo la chakula lilitumia nakala ya faragha ya Ethereum. Wakimbizi wa Syria walilipa dukani kwa kuchunguzwa mboni za macho, ether hawakuiona. Mtandao wa Celo nao huruhusu ada ikatwe kwenye tokeni ya dola yenyewe. Juu ya Celo ndipo shirika la Grassroots Economics, linalojulikana kwa Bangla-Pesa, noti za karatasi zilizoanza mtaani Bangladesh, Mombasa, mwaka 2013, lilipohamishia vocha zake za jamii, ambazo hata simu ya vitufe huzituma.

Kwa sasa, anayengoja pesa za aina hii amwulize mtumaji kwanza: ni mtandao gani, na ada italipwa kwa sarafu ipi?

Nchini Kenya, sheria ya 2025 imewaweka watoa huduma za mali za kidijitali chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Masharti ya kumtambua mteja yatabana Kakuma, ambako wengi wamehangaika hata kusajili laini kwa majina yao. Wanaoandika kanuni wangeongeza sharti moja dogo: ada yote ionyeshwe kwa shilingi kabla mtu hajapokea, na iwezekane kukatwa kwenye pesa alizotumiwa.