Kasi ya treni si kasi ya mzigo

Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, hauna reli wala hautakuwa nayo. Hata hivyo, bidhaa nyingi zinazorundikwa humo zimeshushwa melini Mombasa, karibu kilomita 1,200 kutoka hapo, na wanunuzi wake huzipeleka Arua, Juba na mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo wanaopigania treni za kasi Afrika wanapotoa hoja zao, mwenye duka la Kikuubo ana haki ya kuuliza: hiyo kasi itanifikia vipi mimi?

Hoja zenyewe si ndogo. Umoja wa Afrika, katika Ajenda 2063 iliyopitishwa mwaka 2015, umeweka mtandao wa treni za kasi unaounganisha miji mikuu ya bara kuwa mmoja wa miradi yake mikubwa. Watetezi wake huitaja Moroko, ambako tangu 2018 treni ya Al Boraq inakimbia hadi kilomita 320 kwa saa. Kwa kipimo cha Muungano wa Kimataifa wa Reli, njia mpya huhesabiwa kuwa ya kasi kuanzia kilomita 250 kwa saa. Huku kwetu hakuna inayofika hapo. Treni ya umeme ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, mwisho wake ni 160. Ya Kenya, ya dizeli, iliyozinduliwa 2017, abiria huenda nayo kwa 120. Uganda nayo ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki Oktoba 2024: kilomita 272 za reli ya umeme kutoka Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala, kwa euro bilioni 2.7, nayo pia haikusudiwi kufika 250.

Je, tumepunjwa? Tupige hesabu. Kilomita 1,200 kwa mwendo wa wastani wa 50 kwa saa ni saa 24. Pandisha hadi 100, ni saa 12. Pandisha hadi 300, ni saa 4. Hatua ya kwanza imeokoa saa 12; ya pili, ambayo ndiyo inayokula fedha, imeokoa 8 tu. Sasa chukua kasha lililokaa bandarini siku tatu likingoja karatasi au behewa: saa 72 zimekwenda na gurudumu halijazunguka hata mara moja.

Ughali wa hatua ya pili unatokana na maumbile. Kasi ikiongezwa mara mbili, upinzani wa hewa huwa mara nne, na kona nazo hudai nafasi mara nne kwa upana. Mhandisi hawezi tena kuzunguka kilima au kinamasi cha mafunjo cha Busoga. Inambidi apasue na kujenga madaraja. Kisha kuna suala la kuchanganya treni. Ya abiria inayokimbia 300 huifikia upesi ya mizigo inayokwenda 80, na ya mizigo ndiyo itakayosogezwa pembeni isubiri. Ndiyo maana Japani ilipofungua Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka mwaka 1964 iliipa njia yake peke yake, na mizigo ikabaki kwenye reli ya zamani. Treni ya kasi ya kweli, hata ikijengwa kesho, haitabeba sabuni wala betri za Kikuubo.

Siku za mfanyabiashara hupotelea kwingine, na mahali pakubwa ni pale reli zinapobadilika upana. Reli ya zamani, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901 na Kampala 1931, ina upana wa milimita 1,000. Ya kisasa ni milimita 1,435. Reli ya kisasa ya Kenya ilifika eneo la Naivasha mwaka 2019. Kutoka hapo hadi Malaba ni takriban kilomita 370. Uganda ikimaliza sehemu yake kabla ya kipande hicho kukamilika, kila kasha litahamishwa Naivasha na tena Malaba, kwa kreni, kwa foleni na kwa gharama. Benki ya Exim ya China iliona tatizo hilo mapema: fedha za Uganda hazikutoka wakati upande wa Kenya haujaeleweka, na mkataba wa ujenzi ambao Uganda ilikuwa nao tangu 2015 na kampuni ya China Harbour ukavunjwa mwaka 2023.

Lakini kuchelewa si hasara pekee. Wachukue wauzaji wawili. Mzigo wa kwanza huchukua siku 12 kila mara. Wa pili huchukua mara 7, mara 17. Wastani wao ni uleule, ila yule wa pili lazima aweke ghalani bidhaa za kutosha siku 17, la sivyo rafu itabaki tupu na mteja wa Juba atavuka kwenda duka la jirani. Akiba hiyo ni fedha iliyolala. Mkopo wa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka hudai karibu shilingi 49,000 kila siku, mzigo uwe unauzwa au umekwama mpakani. Treni ya kilomita 80 kwa saa inayofika siku iliyotajwa ina faida kwake kuliko ya 160 isiyojulikana itaondoka lini.

Utafiti nao unaelekeza macho mbali na kasi. Wachumi Remi Jedwab, Edward Kerby na Alexander Moradi, katika utafiti wao wa mwaka 2017 juu ya reli ya kikoloni Kenya, walionyesha kwamba miji iliota ilikopita reli, na ikaendelea kuwa miji hata baada ya reli kudorora. Kituo kinapowekwa, biashara hukifuata kwa vizazi. Hivyo mahali pa kupakulia mizigo Kampala, na barabara ya kutoka hapo hadi Kikuubo, vinastahili mjadala mkali kuliko namba iliyoandikwa ubavuni mwa kichwa cha treni.

Watetezi wa reli wasiache ndoto yao. Abiria wa Nairobi na Kampala wana haki ya kuiota. Ila hoja ya abiria na hoja ya mizigo zitenganishwe, kila moja ipigiwe hesabu zake. Mamlaka ya Uratibu wa Usafiri ya Ukanda wa Kaskazini, yenye makao Mombasa, tayari hukusanya takwimu za muda ambao makasha ya njia hii hutumia bandarini, njiani na mipakani. Chama cha wafanyabiashara wa Kampala, KACITA, kingeweza kuzitumia kudai ahadi tatu kwa maandishi kabla reli haijaanza kazi: siku ngapi kutoka melini hadi Kampala, makasha mangapi kati ya kumi yatafika ndani ya siku hizo, na bei yote hadi mlangoni mwa duka, siyo hadi stesheni.

Waziri akija na picha ya treni yenye pua ndefu, asiulizwe inakimbia kilomita ngapi. Aulizwe: kasha langu likishushwa Mombasa Jumatatu, nimwambie mteja wangu wa Arua aje siku gani?