Ngozi ya Siti Haili Mafuta

Msimu wa jando na unyago, Mbekenyera na vijiji vingine vya Ruangwa na Nachingwea hukosi kuona moto wa majani makavu pembeni ya uwanja. Wapigaji huinamisha ngoma juu yake, huipapasa, huigonga, huirudisha tena motoni. Ngozi iliyolegea kwa umande hukauka na kujivuta, na sauti inapanda.

Gari lililoanikwa juani nalo hupashwa moto namna hiyo, ila humo hakuna anayetaka ngozi ijivute. Wamiliki wa Ferrari 360 na F430 wanaijua adha hii: ngozi ya dashibodi, chini kabisa ya kioo cha mbele, hukauka, hufupika, kisha hubanduka kwenye gundi na kuacha mdomo wazi. Ferrari huku kwetu hatuzioni. Tunaziona Harrier na Crown zilizotumika Japani, zikinunuliwa baada ya minada ya korosho ya chama cha ushirika cha RUNALI. Ngozi za siti zake nazo huumia juani, maana jua haliulizi bei ya gari. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichapisha vipimo vya magari yaliyoegeshwa juani kwa saa moja wakati wa kiangazi. Kwa wastani dashibodi zilifika nyuzi 69 za Selsiasi, na siti nyuzi 51.

Sasa nije kwenye kosa ninalolipigia kelele kila siku. Mtu akiona siti imekauka, anaipaka mafuta ya nazi, au ya ufuta kwa kuwa ufuta tunaulima. Anaamini ameilisha ngozi. Imani hiyo ina asili yake. Kampuni ya Connolly ya Uingereza, iliyoanza 1878 na kuvisha Rolls-Royce, Jaguar na hata Ferrari, iliuza krimu ambayo jina lake lilimaanisha chakula cha ngozi. Lakini siti nyingi za leo zimepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa plastiki usio na rangi. Unachokigusa kwa mkono ni utando huo. Mafuta hayaupenyi. Yanabaki juu yakinasa vumbi, au yanaingia kwenye matundu ya mishono na kulowesha sponji. Vumbi jekundu likishakutana na mafuta na jasho, kila unapokaa na kuinuka unaipiga siti msasa. Ndiyo maana ubavu wa siti ya dereva, pale unapopasugua ukiingia na kutoka, huwa wa kwanza kuchakaa.

Kwa hiyo kinachotunzwa hasa ni ule utando, na dawa yake ya kwanza ni usafi. Ondoa vumbi kwa brashi laini, hasa kwenye mishono. Kisha tumia kitambaa cha pamba kilichokamuliwa vizuri, chenye maji na sabuni laini kidogo sana, na umalizie kwa kitambaa kikavu. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo: ngozi ina uchachu, karibu 4 au 5 kwenye kipimo cha pH, na sabuni ile huvuka 9. Maji ya bibo yakimwagika, futa hapohapo. Unajua yanavyolifanya shati. Yakiingia kwenye ufa wa ngozi hayatoki. Na ukipakia magunia ya salfa ya mikorosho, tandika turubai kabla, maana unga wake hupenya kila mshono.

Kabla ya kumlipa fundi, hakikisha ni ngozi kweli. Magari mengi yanayoitwa ya ngozi yana ngozi pale unapokalia na unapoegemea tu. Pembeni na nyuma ni leza, yaani ngozi bandia. Chungulia chini ya siti, pale kingo zinapoishia: ngozi kwa nyuma ina nyuzinyuzi kama suede ya kiatu, leza ina kitambaa kilichofumwa. Leza iliyopasuka vipande vipande usihangaike nayo. Ibadilishe.

Ngozi yenye ufa hutengenezeka, na mapema ni bora kuliko baadaye. Fundi mzuri huanza kwa kuondoa mafuta yote kwa spiriti, akijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Hupiga msasa laini, namba 600 hivi, mpaka kingo za ufa zilale. Halafu hupaka kijazio kinachonyumbulika, tabaka jembamba baada ya jembamba, kila moja likikauka kwanza. Tundu huwekewa kiraka kwa ndani, chini ya ngozi, kabla ya kujazwa. Rangi hugongwagongwa kwa sponji, na mwisho huja utando mpya wa juu. Siti iliyokuwa ikipuliziwa dawa ya kung'arisha yenye silikoni humtesa fundi: rangi inakimbia na kuacha vitobo. Anayekuambia atamaliza kwa nusu saa kwa dawa ya viatu, mkatalie, maana rangi hiyo itahamia kwenye suruali yako nyeupe siku ya harusi.

Ukifika nyumbani, egesha chini ya mwembe. Kama hakuna kivuli, geuza gari jua la mchana lipige nyuma, na utandaze shuka jeupe juu ya dashibodi na usukani.